Mjonso wa Mahale

Kusini mwa mji wa Kigoma, safari ya saa kadhaa kwa boti, milima ya Mahale inashuka ghafla hadi ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Kilele chake, Nkungwe, kina urefu wa mita 2,462. Chini yake ni msitu, kisha mchanga, kisha maji. Hiyo ndiyo nchi ya Watongwe. Mwanzoni mwa karne ya 20 aliishi huko mganga ambaye ukoo wake unamkumbuka kwa jina la Babu Kalunde. Wakati mmoja kijiji chake kilivamiwa na maradhi yaliyofanana na kuhara damu, na watu wengi wakalala kitandani.

Kalunde alikuwa amemwona nungunungu mdogo aliyeugua vivyo hivyo akifukua mizizi ya mmea uitwao mulengelele na kuila. Watongwe waliufahamu mulengelele vizuri na ndiyo maana hawakuugusa: ni sumu kali. Mganga hakukimbilia kuwanywesha wagonjwa. Aliwaeleza wanakijiji alichokiona kwa nungunungu, akaionja dawa mwenyewe kidogo kidogo, na alipoona bado yu mzima akawashawishi wawape wagonjwa. Wengi wakapona. Mizizi ya mulengelele ikaingia katika mkoba wa waganga wa Kitongwe, na mjukuu wake, Mohamedi Seifu Kalunde, alikuja kuitumia kutibu kisonono na kaswende.

Kisa hiki kimetufikia kwa masimulizi ya ukoo, hakuna daktari aliyekuwapo kuandika ripoti. Lakini tazama mwenendo wa mzee yule. Alilinganisha dalili za mnyama na za binadamu, akatambua sehemu ya mmea iliyoliwa, akaanza na kipimo kidogo, na wa kwanza kujaribiwa alikuwa yeye mwenyewe. Mengi yaliyofuata Mahale katika karne hiyo, pamoja na maabara na darubini zake, yalipitia njia hiyohiyo, na mara moja yalipotea kwa kuiacha.

Mwaka 1965 Mjapani kijana, Toshisada Nishida wa Chuo Kikuu cha Kyoto, alifika Kasoje chini ya milima hiyo kuwachunguza sokwe. Jane Goodall alikuwa ameanza kazi kama hiyo Gombe, kaskazini mwa Kigoma, miaka mitano kabla. Nishida aliwavuta sokwe kwa miwa, wakamzoea taratibu, wakapewa majina, na vizazi vyao vikaanza kuandikwa daftarini. Waliofuata nyayo msituni walikuwa Watongwe. Wao ndio waliojua mti huu ni upi, unazaa lini, na nani huula.

Katikati ya miaka ya 1970, wakati wa operesheni ya vijiji, wakazi wa sehemu hizo walihamishwa. Mwaka 1985 Mahale ikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Kwa sokwe hiyo ilikuwa neema. Kwa Watongwe maana yake ilikuwa kwamba msitu uliokuwa duka lao la dawa sasa una mlinzi mlangoni. Ujuzi wao ulibaki ndani ya hifadhi kwa njia ya ajira: waliorudi walirudi wakiwa wasaidizi wa watafiti na watumishi wa wanyamapori. Miaka hiyohiyo Dar es Salaam ilikuwa imeanza kuutazama ujuzi wa aina hii kwa jicho jingine. Mwaka 1974 kilianzishwa pale Muhimbili kitengo cha utafiti wa tiba asilia. Serikali iliyowahamisha waganga kutoka kwenye miti yao ndiyo iliyoajiri wakemia kuichunguza miti hiyo.

Fumbo la kwanza lilitoka Gombe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mwingereza Richard Wrangham aliona sokwe wakiamka alfajiri na, kabla ya kula chochote, kwenda kwenye vichaka vya mmea uitwao kitaalamu Aspilia, wa jamii ya alizeti. Jani la Aspilia linakwaruza kama msasa. Sokwe hakulitafuna. Alilikunja kwa ulimi, akalizungusha mdomoni, kisha akalimeza zima huku uso wake ukionyesha wazi kwamba hafurahii. Halafu akachukua jingine. Majani hayo yalitoka kwenye kinyesi yakiwa mazima na mikunjo yake, rangi ya kijani haijapotea. Nishida aliona jambo hilohilo Mahale, na mwaka 1983 wawili hao walichapisha makala iliyoliita fumbo. Kama ni chakula, mbona hakimeng'enywi? Na kama si chakula, kinamezwa kwa nini?

Jibu lilionekana kupatikana haraka. Mwaka 1985 Eloy Rodriguez, mkemia wa Chuo Kikuu cha California kule Irvine, pamoja na Neil Towers wa Kanada na wenzao, walitangaza kwamba ndani ya Aspilia wamekuta thiarubrini A, mafuta mekundu yanayoua bakteria, fangasi na minyoo. Kemikali hiyo haikuwa ngeni kwao. Ilikuwa imepatikana katika mizizi ya mmea unaotumiwa kama dawa na wenyeji asilia wa Kanada. Habari ilipendeza mno: sokwe wa Tanzania wanameza antibiotiki! Magazeti yakaichukua, vitabu vikainakili. Kwa miaka kadhaa Aspilia ndiyo iliyokuwa mfano wa kwanza kutajwa kila mtu alipotaka kuthibitisha kwamba mimea ya porini ina nguvu dhidi ya vijidudu.

Tuiache hapo kwanza, maana mwaka 1987 Mahale ilitoa jambo zito zaidi.

Mwezi wa Novemba, mvua zikiwa zimeanza, Michael Huffman, Mmarekani aliyesomea Kyoto, alikuwa akiwafuata sokwe wa kundi la M pamoja na Mohamedi Seifu Kalunde. Walimwona sokwe jike aliyekomaa, Chausiku, mama wa Chopin, akiwa hajiwezi. Alilala mchana wakati wenzake wanakula. Mkojo wake ulikuwa wa rangi nyeusi, choo chake hakikuwa cha kawaida, na alipotembea alisimama kila baada ya muda mfupi. Baadaye akajikokota hadi kwenye kichaka kimoja, akavuta chini matawi machanga, akayamenya ganda na kuyatupa majani, kisha akaanza kutafuna kiini cha ndani. Alifyonza maji, akatema makapi, akaendelea hivyo kwa muda.

Huffman hakuujua mti ule. Akamuuliza Mohamedi. Mohamedi akamjibu kwamba ni mjonso, na kwamba kwao ni dawa kali: ya tumbo, ya minyoo, ya malaria.

Kwa mtafiti, jibu hilo lilibadilisha maana ya alichokuwa akikitazama. Mbele yake palikuwa na mgonjwa, na sasa alijua kwamba anachokula mgonjwa huyo ni kitu ambacho binadamu wa mahali hapo hukinywa kwa dalili zilezile. Ikabaki kumfuata Chausiku kuona kama atapona. Kesho yake bado alikuwa mnyonge asubuhi, lakini siku ilivyosonga nguvu zikarudi, na ilipotimia kama siku moja tangu atafune mjonso alikuwa akitembea na kula sawasawa. Muda huo, wa saa 20 hadi 24, ndio ambao Watongwe wenyewe huutaja kwa mtu aliyekunywa mjonso uliolowekwa katika maji baridi.

Sokwe mmoja, mara moja. Mtu makini hawezi kujenga hoja kubwa juu ya tukio hilo, na Huffman na Mohamedi hawakujenga. Waliliandika kama lilivyotokea.

Mjonso ni Vernonia amygdalina kwa wataalamu, na si mti wa Mahale peke yake. Waganda wanauita mululuza, Wanyarwanda umubirizi. Waigbo wa Nigeria hulifikicha jani lake katika maji tena na tena mpaka uchungu upungue, ndipo walipikie mchuzi. Uchungu wake hausahauliki. Mmea hauna miguu ya kukimbilia, kwa hiyo hujikinga kwa kemikali, na nyingi ya kemikali hizo zinazomfukuza mdudu na kuzuia fangasi ndizo ulimi wetu unazoziita chungu. Mganga wa Kitongwe anapotafuta uchungu anatafuta silaha za mti.

Vipande vya mjonso vilipelekwa Kyoto, kwa wakemia Koichi Koshimizu na Hajime Ohigashi na wanafunzi wao. Walichokipata hakikuwa kitu kimoja. Katika majani na gome walikuta kwa wingi laktoni za seskwiterpini, hasa vernodalini na vernolidi. Katika kiini cha tawi walikuta pia kundi jingine, glikosidi za steroidi, na iliyo maarufu zaidi ikapewa jina la vernoniosidi B1. Mwaka 1993 kundi hilo la Kyoto lilichapisha matokeo kwamba laktoni za mjonso huzuia ukuaji wa bakteria kadhaa na pia wa seli za uvimbe. Zilijaribiwa vilevile kwa vimelea vya kichocho na vya malaria, na hapo nako zilionyesha nguvu. Laktoni za namna hii hunasa kwenye protini zenye salfa ndani ya seli na kuziharibu zisifanye kazi.

Lakini seli za nani? Hapa ndipo penye siri ya dawa nyingi za mitishamba. Vernodalini haichagui. Panya wa maabara walioambukizwa kichocho walipopewa, dawa iligeuka sumu kwao wenyewe. Sasa mrudie Chausiku na matawi yake. Alitupa majani na kumenya ganda, sehemu ambazo vernodalini imejaa, akabaki na kiini ambacho sumu hiyo ni kidogo na vernoniosidi ipo. Alichokitupa kina maana sawa na alichokitafuna. Sokwe wazima waliokuwa karibu naye hawakumwiga, kwa kawaida hawaugusi mti huo. Na Mtongwe anayetumia majani huyaloweka kwa kipimo alichofundishwa. Msomaji mwenye mti huu uani kwake asidhani kwamba kwa kuwa ni wa asili basi ni salama kunywa kwa vikombe, na homa inayoshukiwa kuwa malaria ikapimwe zahanati.

Mwaka 1991 bahati iliwarudia watafiti. Sokwe jike mwingine wa Mahale, mwenye dalili za tumbo, alitafuna mjonso, na safari hii wakaokota kinyesi chake kabla na baada. Kinyesi cha mwanzo kilikuwa na mayai 130 ya minyoo ya vinundu, Oesophagostomum, kwa kila gramu. Baada ya saa 20 yalikuwa 15. Minyoo hiyo hujichimbia kwenye ukuta wa utumbo, hutoa damu, na kwa sokwe maambukizi huongezeka mvua zinapoanza, msimu uleule aliougua Chausiku. Sokwe wengine waliopimwa kipindi hicho bila kutafuna mjonso hawakuonyesha mporomoko wa namna hiyo. Hesabu bado ilikuwa ya mnyama mmoja, lakini ilikuwa hesabu.

Watu huuliza: basi mjonso unaua bakteria au minyoo? Kwenye sahani ya maabara, vyote viwili kwa kiasi fulani. Ndani ya tumbo la sokwe, ushahidi tulio nao ni wa minyoo. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyosikika. Chukua karibu jani lolote chungu, lisage, lichuje kwa spiriti, lidondoshe juu ya sahani yenye bakteria aina ya Staphylococcus, na mara nyingi utaona duara jeupe lisilo na kitu ambapo vijidudu vimeshindwa kuota. Majarida ya kisayansi yamejaa maduara hayo, ya mimea kutoka kila wilaya ya Afrika Mashariki. Mengi ni kazi ya uaminifu, na mengi yanaishia hapo. Spiriti yenyewe huua vijidudu, na ndiyo maana mtafiti mzuri huweka sahani ya pili yenye spiriti tupu ili alinganishe. Na hata duara likiwa la kweli, halisemi kama kemikali hiyo itanyonywa na utumbo, itafika kwenye kidonda au kwenye mapafu, au itamdhuru mgonjwa kabla ya kumdhuru adui wake. Binafsi nawaamini zaidi watafiti wanaoanza na mgonjwa aliyepona, kisha wakauliza kwa nini, kuliko wanaoanza na sahani.

Na ndilo lililoiponza Aspilia. Katika miaka ya 1990 watafiti, Towers mwenyewe akiwa mmoja wao, walirudi kuyapima majani ya Aspilia. Thiarubrini A haikuonekana kwenye majani. Antibiotiki iliyotikisa magazeti haikuwamo katika kitu ambacho sokwe alikuwa akikimeza.

Huffman na wenzake, Mohamedi akiwamo, waliamua kufanya kazi ambayo hakuna aliyeionea wivu: kupekua kinyesi cha sokwe, lundo baada ya lundo, jani baada ya jani. Ndani ya majani yaliyokunjika wakakuta minyoo ya vinundu, mikubwa, mingine ikiwa hai bado na kujinyonganyonga. Dawa ingeiua, hii haikuuawa, ilitolewa tu. Matokeo yao ya mwaka 1996, na mengine yaliyofuata mwaka 2001, yalieleza hivi: jani lenye vinyweleo vikali, likimezwa zima kwenye tumbo tupu la asubuhi, haliwezi kumeng'enywa, utumbo unasumbuka, unaongeza kasi, na ndani ya saa chache unasukuma nje majani pamoja na minyoo iliyojiachia. Ndiyo sababu ya alfajiri, na ya kutotafuna. Zaidi ya aina 30 za mimea zimekwisha kuonekana zikimezwa hivyo na sokwe na bonobo katika Afrika, kutoka Guinea hadi Tanzania. Kemikali zao hazifanani. Kinachozifananisha ni ukali wa jani.

Mimea miwili basi, jirani katika msitu mmoja, yote ikisifiwa kwa kuua vijidudu. Mmoja una kemikali kali na sokwe huutumia kwa uangalifu. Mwingine ni ufagio. Kwa upande wa wanasayansi, kulikiri hilo baada ya shangwe yote ya mwaka 1985 lilikuwa jambo la heshima, na inafaa kukumbukwa kwamba waliolisahihisha kosa walikuwa miongoni mwa waliolitangaza.

Kazi hiyo imeendelea kaskazini zaidi. Kibale, magharibi mwa Uganda, Mfaransa Sabrina Krief aliwafuata sokwe wanaokula majani ya Trichilia rubescens, na mwaka 2004 kemikali mbili za majani hayo zilitangazwa kuwa na nguvu dhidi ya vimelea vya malaria. Juni 2024 ukatoka utafiti wa msitu wa Budongo, pia Uganda. Elodie Freymann wa Oxford na wenzake waliwafuata sokwe 51 wa makundi mawili, Sonso na Waibira, wakiandika nani anaumwa na anakula nini kisicho cha kawaida. Dume mmoja aliyejeruhiwa mkono alijitenga na wenzake akaenda kula majani ya aina moja ya mkangaga. Mgonjwa mwingine, mwenye vimelea tumboni, alikula gome la Scutia myrtina, mti ambao kundi lake halikuwa limeonekana kuula. Sampuli za aina 13 za mimea zilipelekwa Ujerumani, maabara ya Neubrandenburg. Asilimia 88 ya dondoo zilizotengenezwa zilizuia ukuaji wa bakteria, na asilimia 33 zilituliza uvimbe. Iliyoongoza ni Alstonia boonei, kutoka mti uliokwisha kukauka.

Asilimia 88 ni namba ya kushtua, na niliyoyasema juu ya sahani yanaihusu pia. Tofauti ni kwamba Budongo walianza na mnyama, na mimea iliyopimwa ilichaguliwa kwa sababu mgonjwa aliiendea. Haja ya kutafuta huko haina mjadala: mwaka 2019 pekee inakadiriwa kuwa watu milioni 1.27 duniani walikufa kwa sababu ya bakteria waliokuwa sugu kwa antibiotiki tulizonazo. Msitu ni mkubwa, pesa za utafiti ni chache, na mtu hawezi kupima kila jani. Kumtazama mgonjwa anayejitibu ni namna ya kupunguza orodha.

Kumuuliza mwenyeji ni namna nyingine, tena ya haraka zaidi. Siku ile ya Novemba 1987 Huffman alikuwa na daftari, darubini ya macho na elimu ya Kyoto, na bado alichokiona kilikuwa sokwe anayetafuna kijiti. Aliyekiona kuwa dawa ni aliyekuwa amesimama kando yake. Kwa hiyo yeyote atakayesimulia habari hii, redioni, darasani au kwenye filamu za wanyama, kwamba Mmarekani aligundua sokwe wanajitibu, na aliongeze jina la pili. Makala ya kwanza juu ya Chausiku na mjonso ilitoka mwaka 1989 katika jarida la Primates, na waandishi wake ni wawili: Huffman na Seifu.